Mkasi wa Kupogolea

Ba aliniachia vitu viwili:
duka la pampu na mipira ya maji hapa Uhindini,
na kitabu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu.
Herufi zake za Kigujarati hazina paa,
kama tembe baada ya upepo wa Agosti.
Nasoma kwa kidole, mithili ya mtoto wa chekechea.
Nikikwama kwenye neno, naliruka.

Nilidhani ni habari za vita tu:
farasi, magurudumu, baragumu za kombe,
mtu kaketi katikati ya majeshi mawili
anatetemeka, upinde umemponyoka.
Yananihusu nini mimi
mwenye foleni kaunta
na mashine ya risiti isiyoshika mtandao?

Kisha Jumamosi moja, Sabasaba, kwenye mitumba,
nikaokota koti. Ndani ya kola mtu ameshonewa jina
kwa uzi wa bluu, mishono ya mama mwenye macho mabovu.
Mwenyewe yuko wapi? Kavua, kaenda zake, kavaa jingine.
Nikaduwaa nalo mkononi mpaka muuzaji akauliza,
"Bosi, unalinunua au unaliombea?"
Ndivyo Ba alivyokuwa akisema, akikunja sari zake:
nguo huchakaa, Kirit, mvaaji hachakai.
Asubuhi ile tulipompandisha juu ya kuni
sikumwelewa.
Nilimwelewa kwa shilingi elfu nane.

Na wale farasi watano, macho na masikio na wenzao,
siku hizi nawalaza mfukoni.
Saa saba usiku simu inatetemeka mara moja,
nami nafukuzana nao hadi alfajiri, hatamu ziko sakafuni.

Lakini somo lenyewe liliingia dukani na vumbi miguuni.
Sechelela wa Hombolo, ekari moja na nusu ya zabibu,
pampu aliichukua kwa mkopo mwezi wa kumi.
Nikaandika jina lake daftarini, chini yake tarakimu,
na kila wingu lilipopita
nilipiga hesabu: kilo ngapi, bei gani, lini.
Nilimlimia zabibu zake kwa kalamu,
nikazivuna kabla hazijaiva.

Machi mvua ikaja wiki ambayo haikualikwa.
Vichala vikapasuka, vikaota ukungu, nyuki wakalewa.
Nikamngoja aje na mjomba wa kumsemea.
Nilikuwa nimeandaa sura ya huruma,
na nyuma yake sura nyingine.

Akaja peke yake. Akaweka elfu ishirini mezani.
"Hii punguza, nyingine itafuata.
Mna mkasi wa kupogolea? Wangu umelegea msumari."
"Unapogoa nini, na mavuno yameoza?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaoga.
"Yameoza mavuno. Mzabibu haujaoza.
Kupogoa ni kwangu. Mvua si yangu."

Hajawahi kukiona kitabu kile.
Jumapili huimba kwaya Anglikana, sauti ya pili.
Nami, mrithi wa kitambaa chekundu,
nilitaka kumpa mkasi bure, mkono tayari umenyooka,
ndipo nikajishtukia:
hata wema huo nilikuwa nimeshautoza riba,
shukrani yake, nitakayoila taratibu.
Nikamuuzia kwa bei ya dukani. Nikamtolea risiti.
Akaujaribu mkasi hewani, ka, ka, ka,
akatoka.

Usiku nikafungua ukurasa wa siku zote,
nikarudi kwenye neno ninaloliruka tangu msiba.
Kidole kikalivuta pole pole, herufi kwa herufi,
hadi likatamkika: *phal*.
Tunda.

Nikakaa nalo kidogo, umeme ukakatika, ukarudi.
Kisha, Mungu anisamehe,
nikavuta daftari
nikaanza kupiga hesabu za Septemba.